Siku ya Leo

Kila mtu, awe tajiri au maskini, hudhani kwamba ana siku tatu: jana, leo na kesho. Walakini akizihesabu vema ataona ya kuwa ana moja tu. Jana imekwenda na mambo yake, wala hapana farasi awezaye kuifuata akaifikia. Kesho haijafika, wala hapana dirisha la kuichungulia. Iliyobaki mkononi ni leo. Na hiyo nayo haiji yote mara moja, bali huja saa kwa saa, kama maji yatokayo katika mfereji mwembamba. Akingaye chombo huyapata. Asiyekinga huyatazama yakimwagika.

Msomaji wangu, kazi yangu ni ualimu, na kazi hii humpa mtu nafasi ya kuzitazama nyuso nyingi za vijana kwa wakati mmoja. Mara nyingi katika kipindi cha alasiri naona miili arobaini imeketi mbele yangu, lakini mawazo yao yamesafiri. Mmoja yuko katika mchezo wa mpira wa juzi, ambao timu yake ilishindwa. Wa pili yuko nyumbani kwao, akijiuliza kama karo ya muhula ujao itapatikana. Wa tatu yumo katika chumba cha mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe ungali mbali miezi tisa. Siwalaumu, kwa maana fikira za binadamu hazifungwi kamba. Nawahurumia, kwa sababu mtu anayetaka kuwa huko na hapa pamoja hayupo popote. Nataka kusema nawe juu ya jambo hili kama mwalimu na kama Mkristo, nikitumaini kwamba hata msomaji wa dini nyingine ataokota humu neno la kumfaa.

Jambo lenyewe si geni. Mwafrika mmoja alilifikiri kwa kina zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Mtu huyo ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria, akawa askofu wa mji wa Hippo, akafa mwaka 430. Katika sehemu ya kumi na moja ya kitabu chake kiitwacho Maungamo aliuliza wakati ni kitu gani. Aliona kuwa wakati uliopita haupo tena, na wakati ujao haupo bado. Jana inaishi katika kumbukumbu yetu ya sasa, na kesho inaishi katika matazamio yetu ya sasa. Ukilipima neno hili utagundua jambo kubwa: hata mtu anapoikumbuka jana, huikumbuka leo, na anapoingojea kesho, huingojea leo. Basi aipotezaye leo hupoteza zote tatu.

Bwana Yesu alifundisha jambo hilihili bila maneno ya kifalsafa. Aliwaonyesha wasikilizaji wake ndege wa angani na maua ya kondeni, akawakataza kuisumbukia kesho, kwa kuwa kila siku ina mzigo wake uitoshao. Alipowafundisha wanafunzi wake kusali hakuwaambia waombe chakula cha mwaka mzima. Aliwaambia waombe cha siku. Hapo yafaa tukumbuke habari ya mana katika kitabu cha Kutoka. Waisraeli jangwani waliamriwa kuokota kila asubuhi kiasi cha siku ile tu. Wengine walibakiza hadi siku ya pili, wakakuta chakula kimeingia mabuu na kinanuka. Lakini siku ya sita waliagizwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na akiba hiyo haikuoza.

Tazama hekima iliyomo. Akiba iliyooza ilitokana na hofu. Akiba iliyodumu ilitokana na utii. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuishi leo ni kuacha kujiandaa. Yusufu huko Misri aliweka nafaka miaka saba, na kwa akiba ile akawaokoa watu wengi na njaa. Mkulima wa kwetu hulima shamba lake kabla ya mvua ya masika, huchagua mbegu, huzitia ardhini. Yote hayo ni kazi ya leo kwa ajili ya kesho, nayo ni busara. Lakini akiamka usiku wa manane, akaanza kupalilia kitandani mahindi ambayo hayajaota, kufukuza nyani ambao hawajaja na kuuza magunia ambayo hayajajazwa, kutakapokucha atakuwa amechoka, na shamba halijapata hata pigo moja la jembe. Maandalio hutumia mikono. Wasiwasi hula usingizi. Wazee waliposema kwamba leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo, hawakumkataza mtu kupanda mti. Walimkataza kuahirisha kuupanda.

Labda utauliza: je, yuko mtu aliyeweza kuishi hivi, au haya ni maneno mazuri tu? Wako wengi, na mmoja wao alikuwa mpishi. Jina lake lilikuwa Nicolas Herman, mzaliwa wa jimbo la Lorraine, ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa. Katika ujana wake alikuwa askari wakati wa vita vya miaka thelathini vilivyoiharibu Ulaya tangu 1618 hadi 1648, akapata jeraha la mguu. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Lawrence. Hakuwa padri wala mwanachuoni. Alitiwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda, naye akaifanya kwa miaka mingi. Baadaye, mguu ulipozidi kumsumbua, alipewa kazi ya kushona makubadhi ya watawa wenzake.

Mtu huyu alisema kwamba kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala. Sufuria zikigongana na watu wakimwita huku na huku, alikuwa na Mungu kwa utulivu uleule aliokuwa nao alipopiga magoti kanisani. Hata yai katika kikaango aliligeuza kwa ajili ya kumpenda Mungu. Akikosea alimkiri Mungu kosa lake, kisha akaendelea na kazi bila kujitesa kwa jana. Alifariki mwaka 1691, na baada ya hapo padri mmoja, Joseph de Beaufort, alizikusanya barua zake na mazungumzo yao, zikachapwa. Maaskofu na wafalme wengi wa zama zile wamesahauliwa. Mpishi huyu angali anasomwa. Hakuongezewa siku kuliko wenzake. Alikuwamo ndani ya zile alizopewa.

Huenda ukasema kwamba jiko la Paris liko mbali nawe. Basi nitakupa habari za karibu, za nyumbani kwetu. Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, mama yangu alishikwa na saratani ya koo. Daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa zingempunguzia maumivu, si zaidi. Likizo ya Agosti nilikaa naye majuma manne. Jamaa waliokuja kumtazama walikuwa wa namna mbili: wengine walinong'ona wakihesabu miezi iliyosalia, na wengine walikumbuka siku za nguvu zake wakalia. Yeye hakuwamo katika kundi lolote. Kila asubuhi aliuliza ni kazi gani iliyopo. Aliketi mkekani kivulini akichambua maharagwe, punje moja moja, akizitupa zilizotobolewa na wadudu.

Siku moja aliniona nimeinamisha uso. Akaniambia, "Mwanangu, usinililie ningali hai. Nikishakwenda utapata siku tele za kulia. Leo tupo wawili. Niletee chai, kisha unisomee hilo somo lako." Nilimletea chai, akaweza kumeza vijiko vitatu. Nikamsomea somo la namna ya kuwafundisha watoto wadogo kuhesabu. Alicheka kusikia kwamba wataalamu walihitaji kurasa kumi kueleza jambo ambalo yeye alitufundisha kwa punje za mahindi.

Alifariki mwezi wa Oktoba. Sitakuficha, msomaji wangu: kuishi siku ya leo hakukuuondoa uchungu. Usiku maumivu yalikuja, na mauti yalikuja. Lakini majuma yale manne hayakuibwa na kifo kabla kifo chenyewe hakijafika. Tuliyatumia yote, naye aliyatumia kuliko mimi. Tangu hapo nimeamini kwamba imani haimwahidi mtu kesho isiyo na machozi katika dunia hii. Humwahidi kwamba Mungu atakuwapo katika kila saa itakapofika, wala si kabla yake. Na nguvu ya kesho hutolewa kesho, kama mana.

Yaweza kuwa wewe usomaye maneno haya leo yako ni ngumu. Umekuja shuleni bila kula, au nyumbani kuna ugomvi usio na mwisho. Je, ni haki kukuambia ukae katika siku ya namna hiyo? Ingekuwa ukatili, kama leo ingekuwa yako peke yako. Lakini leo ina jirani ndani yake. Kumbuka mfano wa Msamaria mwema. Kuhani alimwona mtu aliyejeruhiwa, akapita kando. Mlawi akafanya vivyo hivyo. Msamaria naye alikuwa na safari yake, lakini aliisimamisha, akafunga majeraha ya yule aliyekuwa mbele yake. Kwa hiyo neno hili lina pande mbili. Mwenye shida na amwambie leo mwalimu, mchungaji au rafiki, asingoje shida ikomae. Na mwenye nafuu na amtazame leo mwenzake wa dawati moja, kwa kuwa huruma iliyoahirishwa haimshibishi mtu.

Sasa utafanyaje? Asubuhi, kabla hujashika simu wala kitabu, mkabidhi Mungu siku yako kwa maneno machache. Kisha shika kazi moja iliyo mbele yako. Ukifanya hesabu, fanya hesabu; ukifagia bweni, fagia; rafiki akikueleza shida yake, msikilize bila kutunga jibu kabla hajamaliza. Mawazo yatatoroka, hilo ni hakika. Usigombane nayo. Yarudishe taratibu, kama mchungaji arudishavyo mwana-mbuzi aliyechepuka, hata ikiwa mara mia kwa siku. Hofu ya mtihani ikikujia, iulize ina kazi gani ya kukupa sasa. Ikiwa nayo, ifanye. Ikiwa haina, iache ipite. Jioni ichungue siku yako, kama Ignatius wa Loyola alivyowafundisha wafuasi wake katika karne ya 16: shukuru kwa jema ulilopata, omba msamaha kwa baya ulilotenda, kisha ulale. Usipeleke kitandani deni la jana wala karo ya kesho.

Ujana una tabia ya kujiona kama ngazi ya kupandia mahali pengine. Mtoto wa kidato cha kwanza hungoja kidato cha nne; wa kidato cha nne hungoja chuo; wa chuo hungoja kazi; mwenye kazi hungoja likizo, na mwishowe hungoja malipo ya uzeeni. Akigeuka nyuma huona ngazi ndefu, wala hakumbuki kama kulikuwa na nyumba. Usiishi hivyo. Shule yako si njia ya kuyaendea maisha. Ni sehemu ya maisha yenyewe, na Mungu hakungojei nje ya lango lake. Yuko katika hesabu hii ngumu, katika ufagio huu, na katika mwenzako huyu aliyenyamaza leo kuliko siku zote. Funga kitabu hiki, ukamsemeshe.