Siku 41 za Mtoto wa Kaka Yangu

Jamani, leo sina ubuyu wa staa yeyote. Leo ni ya nyumbani kwetu, Kakola, pale jirani na mgodi wa Bulyanhulu.

Kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo. Mwaka jana duara lilititia akiwa chini. Walimtoa siku ya pili, tukazika. Mwanae wa miaka 7 tulimpeleka kwa jirani mpaka matanga yakaisha, maana wakubwa walisema mtoto asione. Akiuliza, jibu moja tu: baba yuko kazini. Na mimi nilisema hivyo hivyo, tena nikamnunulia na soda.

Nikarudi Dar. Mwezi haujaisha, wifi akanipigia. Dogo anakojoa kitandani, kitu alichoacha kitambo. Choo cha shimo hataki hata kukisogelea. Shuleni anasinzia, anachapwa. Na mchezo wake ni mmoja: anachimba kashimo, anaweka vizibo vya soda, anafukia, anafukua. Kutwa nzima. Bibi akasema mtoto kachezewa, apelekwe kwa mganga. Mimi nikapanda basi.

Nilipofika nikakuta ukuta wa jikoni una mistari ya mkaa. Nikauliza ni nini.

"Nahesabu siku, shangazi. Zikifika 41 baba anatoka."

Nilikaa chini. Kama umesahau: Oktoba 2015, machimbo ya Nyangalata, huku huku Kahama, wachimbaji walifukiwa, watu wakakata tamaa. Baada ya siku 41 watano wakatolewa hai, wameishi kwa mizizi na wadudu. Vijiweni kwetu hiyo stori haiishi. Dogo kaisikia, kaiunganisha na uongo wetu. Mistari ilikuwa 33.

Ustawi wa jamii wakatuelekeza kwa mama mmoja mshauri nasaha. Nilitegemea dawa, yeye akatoa udongo wa kufinyanga na kalamu za rangi. Siku ya kwanza kifo hakikutajwa. Alimfundisha kupumua kama anapuliza uji wa moto, na kuonyesha hofu inakaa wapi mwilini. Akashika tumbo.

Kisha akatugeukia sisi. Mwambieni kabla mistari haijaisha, na neno liwe "amekufa". Siyo amelala, siyo amesafiri. Ukimwambia baba amelala, usingizi wenyewe ataanza kuuogopa.

Na msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Moshi, na Bungoma kule Kenya, tiba ya namna hii ilipimwa kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, matokeo yakachapishwa 2020. Nusu yao walipata vikao 12 vya kikundi, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, siyo madaktari. Walezi nao walikuwa na vikao vyao. Hapo kwenye walezi ndipo penyewe, maana sisi ndio tuliodanganya.

Nikamwambia jioni, tumekaa kwenye mkeka na mama yake. Baba amekufa. Duara lilimfukia, wenzake walimtoa, tumemzika.

"Aliumia?"

"Sijui, baba."

"Kwa hiyo nisihesabu?"

"Usihesabu."

Alilia mpaka akatapika. Nikajua nimemharibu. Asubuhi godoro lilikuwa limelowa kama kawaida.

Tukaendelea kwenda. Wifi alienda shuleni kuongea, viboko vikaisha. Kikao cha 6 hivi akachora duara, kamba, watu wengi juu, na yeye kajichora katikati yao. Akamsimulia yule mama mwanzo mpaka mwisho, anasimama, anapuliza uji wake, anaendelea. Wiki ile tukampeleka kaburini. Akapanga vizibo vyake pale, akataka kujua nani alishika jeneza upande gani. Tukamwambia majina yote.

Kama una mtoto wa hivyo, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure.

Choo bado. Usiku naenda naye na tochi, nasimama nje ya mlango.

"Shangazi, upo?"

"Nipo, baba."