Mavazi ya Bibi Zetu katika Picha za Kale

Wengi wetu wa pwani tumezoea kunena kwamba bibi zetu walivaa hivi na hivi tangu azali, kana kwamba vazi la mwanamke wa mjini halikupata kugeuka. Lakini picha za kale, kwa mwenye kuzitazama kwa subira na adabu, zinashuhudia vingine.

Mimi niliyatambua hayo katika picha za bibi yangu mzaa mama, wa Unguja, ambazo alikuwa akizihifadhi katika kasha la njumu, chini ya nguo zilizofukizwa udi, na ambazo alipenda kunionyesha baada ya sala ya alasiri, akiitaja nguo ya kila mtu na sababu ya kuvaliwa kwake. Katika picha mojawapo, iliyopigwa miaka ya 1930, mama yake ameketi kitini, mtu mzima mwenye haiba, majasi masikioni na kipini puani, amejitanda ukaya mweusi ambao ncha zake ndefu zimeshuka hadi magotini. Na nyuma yake wamesimama binti zake, wote katika mabuibui ya kamba. Nilipouliza kwa nini mama hakuvaa kama wanawe, bibi alinijibu, "Mjukuu wangu, buibui lilikuwa nguo ya vijana. Mama alivaa alivyovaa alipokuwa mwari."

Jawabu hilo lilinifunulia siri ya picha zote za wazee: mtu mzima anapopigwa picha, mara nyingi huwa amevaa ujana wake, na kwa hivyo picha moja hubeba zama mbili. Ukaya ule ulikuwa alama ya muungwana, wakati ambapo mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa, na mwanamke wa utumwani alijifunga merekani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa kwa majahazi makubwa ya Marekani, au kaniki iliyochovywa nili. Mwaka 1897, katika utawala wa Seyyid Hamoud bin Muhammed, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa wamekatazwa heshima ya nguo waliitafuta kwa mikono yao wenyewe: wakaiacha kaniki, wakanunua kanga kwa doti, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, buibui lililotoka Hadhramaut lilipoenea, nao wakalivaa, hata ikawa aliyezaliwa muungwana na aliyezaliwa utumwani hupita njia moja wala mpita njia asiwatambue. Vazi tunalolidhani kuwa ni la kuwatenga wanawake lilikuwa pia, kwa wengi wao, hati ya usawa.

Hata hivyo, si kila picha ni ya kusadikiwa sawasawa. Wapiga picha wa mjini, kama akina Gomes na ndugu wa Coutinho, walitengeneza kadi za kuwauzia abiria wa meli, na humo wanawake waliwekwa mbele ya mapazia, wakasimamishwa kwa namna aliyoitaka muuzaji, kisha wakaandikiwa kabila pasipo jina. Tena nyingi za picha hizo hazina rangi: kisutu, kanga ya harusi yenye wekundu, weusi na weupe, huonekana humo kama kivuli cha kijivu, na mtazamaji wa leo akadhani kwamba bibi zetu waliishi bila urembo, ilhali walijua kuchagua rangi, kusuka asumini na kupaka wanja kwa ustadi ambao kamera ile haikuweza kuunakili.

Bibi naye alipozeeka, wajukuu walikwisha kuhamia mabuibui ya kushonwa yenye mikono, yaliyofuata mtindo wa Arabuni, lakini yeye hakuliacha lake la kamba mpaka alipofariki, kama mama yake asivyouacha ukaya. Basi anayetaka kumwamuru mwanamke wa leo kwa kusingizia mavazi ya wazee, na ajiulize kwanza ni wazee wa zama zipi, kwa maana kila kizazi kilichagua chake, na kila chaguo lilikuwa na hoja yake.

Nawasihi wasomaji wenye picha za namna hii majumbani wazigeuze nyuma, waandike kwa kalamu laini jina la kila mama aliyemo, mji wake, na jina la kila nguo aliyovaa, maadamu wapo wazee wa kuulizwa. Wale wa kwenye kadi walinyimwa majina yao, wetu tusiwanyime.