Furaha isiyosubiri toleo jipya

Leo sitaandika kuhusu programu. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nivumilieni, itakuja. Kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani, nami nimeona niliweke hapa.

Sisi wa kazi hii tuna ugonjwa mmoja: furaha yetu iko kwenye toleo lijalo. Simu mpya ikitoka, ile iliyo mfukoni inazeeka siku hiyo hiyo. Ukipata mteja mmoja unatamani watatu. Sasa nikuulize, ndugu msomaji: mtu anafika lini?

Hapa Kakamega swali hilo ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa, na wazungu wakamiminika kuitafuta. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili maeneo ya wenyeji yaweze kuchukuliwa kwa ajili ya uchimbaji bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Utajiri ulikwenda na wenyewe, sisi tukabaki na jina la mtaa na mashimo.

Mwaka huo huo wa 1932, kusini mwa hapa, Daudi Zakayo Kivuli, aliyekuwa amefanya kazi na misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alijazwa furaha ya Roho kwa namna iliyogeuza maisha yake. Mwaka 1942 akaanzisha kanisa la African Israel Church Nineveh. Alifariki mwaka 1974, lakini kanisa lipo. Ukiishi Magharibi unawajua: kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma, wakiandamana barabarani huku wakiimba.

Mimi nasali kwingine, ila kuna jambo nimejifunza kwao. Katika desturi yao, kuungama dhambi hutangulia ibada. Shangwe huja baada ya mzigo kutuliwa. Kwa lugha yetu sisi: hawapaki ukurasa rangi mpya ilhali mfumo una hitilafu ndani. Wanaanza na hitilafu.

Mwaka jana mteja aliyekuwa akinipa sehemu kubwa ya mapato yangu alisitisha mkataba kwa barua pepe ya mistari mitatu. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, na mdogo wangu alikuwa anasubiri karo. Sitakudanganya kwamba niliruka kwa shangwe. Jioni ile mimi na mke wangu tulikula ugali na sukuma wiki, tukasali kama kawaida, tukamshukuru Mungu kwa siku hiyo, nami nikalala usingizi mzito. Asubuhi nilishangaa. Raha ilikuwa imeondoka pamoja na mkataba, lakini furaha ilikuwepo bado, kwa sababu haikuwa imefungwa kwenye mkataba ule. Ilikuwa imefungwa kwa Kristo, ambaye hanipimi kwa ankara zilizolipwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika barua hiyo anasema kuridhika ni jambo alilojifunza. Neno hilo la kujifunza lanipa moyo. Hakuna aliyejua kuandika programu kwa siku moja. Mazoezi yangu ni madogo: kushukuru kabla ya kufungua barua pepe, kuzima kompyuta Jumapili nzima, na kumpa mwenye shida hata mwezi ambao mfuko wangu umekauka.

Najua kuna atakayesema kuridhika ndiko kunakowaacha watu maskini. Hapana. Miaka ile ya 1930, Wakristo wa huku walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha North Kavirondo Central Association na kutetea ardhi. Kuridhika na Mungu si kuridhika na dhuluma. Mtu ambaye hana njaa ya dhahabu ni vigumu kumnunua.

Kwa hiyo bado natafuta wateja, tena kwa bidii. Nimepata wawili wadogo, na karo imelipwa nusu. Nusu nyingine naifanyia kazi, lakini furaha yangu siisubirishi mpaka ilipwe. Wewe je, yako umeifunga wapi?

Nawatakia Jumapili njema.