Nyumba Zilizofungwa Ng'ambo ya Kilombero

Basi la Ifakara lilitoka Ubungo kabla ya mapambazuko, nami nilikuwa nimelala jicho moja wazi nikihofia kuachwa. Mwaka huo, 2010, nilikuwa mchambuzi mchanga wa takwimu jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kumbukumbu za kaya za Bonde la Kilombero: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, mtoto yupi alilala ndani ya chandarua. Kaya zile nilizijua kwa namba. Bonde lenyewe sikuwahi kuliona. Mkubwa wangu wa kazi, dada aliyezeekea kwenye fani, alikuwa ameniambia, "Mdogo wangu, nenda ukaone namba zako zinakotoka. Ukirudi utaandika amri zako kwa adabu."

Njia mpaka Morogoro haina jipya kwa mtu wa Dar. Abiria waliamka Mikumi, ambako barabara kuu ya Zambia inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi. Pana bango la faini pale: ukimgonga mnyama huyu utalipa kiasi hiki, ukimgonga yule kiasi kile. Mzee wa Kipogoro niliyeketi naye, akirejea kwao Mahenge, alilitazama akacheka. "Mwanangu, hapa ngiri ana bei. Mbuzi wangu akigongwa kule kwetu, nabaki kugombana na dereva."

Mjini Mikumi ndipo tulipoiacha barabara kuu tukakata kushoto. Kidatu ni miwa mpaka jicho linachoka, kisha daraja la Ruaha Mkuu, na baada yake lami ikatuaga. Tukafunga madirisha kwa ajili ya vumbi, tukayafungua kwa ajili ya joto, tukayafunga tena. Upande wa kulia milima ya Udzungwa ilitusindikiza muda wote, kijani kibichi, ikitufanya sisi tuliopakwa vumbi jekundu tuonekane kituko. Tulifika Ifakara jioni. Nilikula wali na kambale, na sitasema zaidi ya hapo kuhusu mchele wa Ifakara kwa kuwa anayeujua anaujua.

Utafiti wa afya una mizizi ya zamani katika mji huu. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika hapa, na kazi aliyoianza ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 wadadisi walianza kuandikisha kila kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na kuzirudia mwaka baada ya mwaka. Rejista hiyo iliwawezesha watafiti kuufuatilia mradi wa KINET, uliouza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet: vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4.

Kila semina niliyohudhuria ilitaja hiyo 27. Wachache walitaja kwamba makala yenyewe iliweka mipaka: kati ya asilimia 3 na 45. Kwangu mimi mipaka hiyo ndiyo habari. Inasema chandarua kinaokoa, na inakiri kwamba ukubwa wa uokozi haujulikani barabara, kwa sababu vifo vya watoto, Mungu ashukuriwe, si vingi kiasi cha kuifinya mipaka ikakaribiana.

Niseme neno kuhusu programu tulizotumia kuchambua namba hizi. Ofisini tulitumia Stata, iliyozaliwa Marekani mwaka 1985, na vijana wasio na fedha za leseni tulianza kujifunza R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliibuni katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakaiachia dunia bure. Tofauti ya tabia zao huonekana pale jibu linapokosekana. Katika Stata pengo huandikwa kwa nukta, na nukta hiyo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukiomba watu wenye umri unaozidi 60, inakuletea wazee pamoja na kila mtu ambaye umri wake haukujazwa, tena bila kukohoa. R hugoma: ukiiomba wastani wa safu yenye pengo moja tu, inakujibu kwamba wastani haupo mpaka uiambie wazi uruke mapengo. Wengi huudhika na mgomo huo. Mimi napendelea mfanyakazi anayegoma kuliko anayeitikia kila kitu.

Na kuna makosa ambayo hayana nukta. Fikiria dodoso linalouliza mtoto aliingia kulala saa ngapi, swali la maana kwa kuwa mbu wanaoanza kuuma mapema humkuta mtoto bado yuko barazani. Mama anajibu saa 2, mdadisi anaandika 2, na kompyuta, isiyojua kwamba saa zetu za usiku huhesabiwa tangu jua linapozama, inachora grafu ya bonde zima likipanda kitandani usiku wa manane. Namba ni halali, safu imejaa, na programu haina cha kulalamikia.

Asubuhi nilikabidhiwa kwa dada mdadisi wa ng'ambo ya mto, mwenye baiskeli ya keria kubwa na jalada la fomu lililofungwa kwa mpira. Enzi hizo daraja la Kilombero lilikuwa halijajengwa. Tulivuka kwa kivuko, tukiwa tumebanwa kati ya pikipiki, magunia ya mkaa na ng'ombe wawili waliokuwa watulivu kunizidi. Alinipa baiskeli ya pili, ambayo breki zake zilikuwa za hiari.

Fomu zake zilikuwa zimechapishwa tayari majina ya wanakaya. Nilidhani kazi ni kusoma jina na kutia alama. Katika nyumba ya kwanza, baada ya shikamoo na kigoda na habari za mvua, alisoma majina yote, bibi akajibu yupo, yupo, yuko shuleni. Nikajua tumemaliza. Dada akafungua ukurasa wa nyuma.

"Na mkamwana, bibi? Mara ya mwisho nilimwacha mzito."

Bibi alisogeza ungo wake. "Alijifungua salama. Mtoto hakukaa."

Alikuwa ameishi siku 3, hata jina hajapewa. Dada alitoa pole, akanyamaza kidogo, kisha akajaza fomu mbili, ya kuzaliwa na ya kufariki, akaeleza kwamba mwenzake atakuja baada ya matanga kuuliza dalili zilizotangulia kifo. Nje, akipangusa tandiko la baiskeli, alinieleza kwamba ndiyo sababu mimba huandikwa. Ukiuliza watoto, watu watakutajia walio hai. Ukiuliza ile mimba imeishia wapi, lazima kuna jibu.

Nilifikiri juu ya faili langu kule Dar. Bila swali la mimba, mtoto huyu asingeonekana kwa nukta wala kwa pengo. Mstari wake usingekuwapo kabisa, na hakuna amri ya Stata wala ya R inayoorodhesha mistari isiyokuwapo.

Nyumba tatu zilizofuata zilikuwa zimefungwa. Jirani alipiga kelele kutoka jikoni kwake: "Wako shamba!" Katika bonde hili msimu wa mpunga familia nzima huhamia mashambani, wakaishi kwenye madungu mbali na zahanati, wakilinda ndege na nguruwe mpaka mavuno. Dada hakuandika kwamba wamehama. Aliandika kwamba hawapo, akaweka tarehe, na jina la jirani aliyesema.

Tofauti hiyo ndiyo uchambuzi wetu wote unayoitegemea. Tunapopima vifo, tunagawanya idadi ya waliofariki kwa jumla ya miaka ambayo watu waliishi machoni petu. Mtoto aliyeonekana kwa miezi 6 huchangia nusu mwaka. Tuseme vifo ni 20 na jumla ni miaka 1,000: hiyo ni 20 kwa kila 1,000. Wale waliohama kimoja ukiwahesabu kana kwamba bado wapo, jumla ikavimba hadi 1,250, vifo vinashuka hadi 16 bila mtoto hata mmoja kuokolewa. Modeli aliyoibuni David Cox mwaka 1972, tunayoiendesha kwa mstari mmoja wa amri, inamruhusu mtu kutoka katikati ya safari, ila inachukulia kwamba kutoka kwake hakuhusiani na hatari ya kufa. Mtoto aliyehamia dunguni, maji ya mto na mbu tele, zahanati mbali, hatari yake ni ileile? Programu haiwezi kujua. Dada alikuwa na maoni, na alinipa kwa kirefu tukisukuma baiskeli kwenye tope.

Siku ya mwisho, katika chumba cha data mjini Ifakara, niliandika amri fupi ya kutoa orodha ya kaya zote zilizokutwa zimefungwa zenye watoto chini ya miaka 5, ili mzunguko ujao zianze kufuatwa shambani. Nilizipanga kwa namba za nyumba, nikachapisha, nikajiona fundi. Dada akaitazama karatasi akanirudishia.

"Kaka, hizi namba zilitolewa kadiri watu walivyojenga. Hii ya 14 iko huku, 15 iko ng'ambo ya kijito. Zipange kwa njia."

Nikamwambia kwenye faili hakuna safu ya njia. Akavuta kiti, akaketi.

"Andika. Ukishuka kivukoni, ya kwanza ni ile ya 31."