Mgongo wa Kuegemea
Vijijini Buganda, mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliona kwamba mtoto hutambaa mbali bila hofu akijua mama yupo. Ushahidi huo uliijenga nadharia ya mshikamano. Mwaka 1990 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaihusisha na kazi.

Longbridge, Birmingham, yaonyesha uzito wake. Herbert Austin alianzisha kiwanda cha magari hapo mwaka 1905. Aprili 2005 MG Rover ikaanguka, watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Mshahara waweza kupatikana kwingine. Lakini mwenzi wa zamu anayetambua, bila kuambiwa, kwamba mwenzake hakulala, hatafutwi kwa tangazo. Ndiyo maana kiwanda kikifungwa, wengine huomboleza kama waliofiwa: wameondolewa mgongo wa kuegemea.