Java iwe JavaScript: mradi wa kuanzia

Wiki hii nimeshinda na GWT, chombo cha kugeuza Java kuwa JavaScript ambacho Google ilikitoa mwaka 2006. Najua wapo watakaocheka: nani bado anagusa GWT? Mimi, na sababu yangu ni pesa za watu.

Naandika programu ya mikopo ya chama kimoja cha akiba. Hesabu ya riba iko kwenye seva, kwa Java, kwa BigDecimal. Karani naye anataka kuona jibu lilo hilo kwenye kivinjari, mwanachama akiwa ameketi mbele yake. Kuiandika upya kwa JavaScript kunawezekana, lakini huko hakuna BigDecimal ya kuzaliwa nayo, na 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Mwanachama akiambiwa kiasi kimoja na risiti itoke na kingine, hata kwa senti kumi, imani imekwisha. Kanuni ni moja, basi iandikwe mara moja.

Usianze na folda tupu. Thomas Broyer ana kiolezo cha Maven kiitwacho modular-webapp, chini ya net.ltgt.gwt.archetypes. Kiite kwa mvn archetype:generate, nawe utapata sehemu tatu: client, server na shared. Riba niliiweka shared, pande zote mbili ziitumie. Kisha fungua madirisha mawili ya amri:

mvn gwt:codeserver -pl *-client -am
mvn jetty:run -pl *-server -am -Denv=dev

La kwanza hugeuza msimbo upya kila unapofungua ukurasa tena. La pili ni seva. Nenda localhost:8080. Upande wa kivinjari programu huanzia onModuleLoad, si main.

Yashike haya kabla hujaanza:

1. GWT husoma msimbo wenyewe wa Java, si faili za .class. Maktaba isiyokuja na msimbo wake haitakufaa. TeaVM ni kinyume, yenyewe husoma baitikodi.

2. Hupati Java yote. Hakuna java.io.File, hakuna String.format, na usitarajie kuanzisha thread.

3. Namba za kawaida za JavaScript hushika namba kamili bila kukosea hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu. Kwa hiyo long huigizwa: jibu ni sahihi, mwendo ni wa kobe. Int ikitosha, tumia int.

4. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2022, groupId ni org.gwtproject, si com.google.gwt. Ukinakili maelezo ya zamani, utabaki na matoleo ya zamani.

Jana nililinganisha jedwali la mkopo wa miezi 36, seva na kivinjari. Senti kwa senti, sawa. Kesho karani anaanza kulijaribu.