Aliyevaa Sare

Barua pepe ile iliingia saa saba na dakika kumi usiku, nikiwa katikati ya mechi. Saa naikumbuka kwa sababu bando langu la usiku huanza saa sita, na mimi si mtu wa kupoteza hata dakika yake moja. Kampuni moja ya kubashiri matokeo ya mpira ilikuwa imeiona tovuti yangu, imeipenda, na inataka kuweka tangazo pale juu kabisa. Shilingi 400,000 kwa mwezi, kwa miezi sita. Nikaisoma mara tatu. Nilipoinua macho, mpinzani wangu alikuwa ameshanifunga mabao mawili.

Wiki ile nilikuwa nadaiwa ada ya shahada ya uzamili shilingi 1,900,000. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani.

Tovuti yenyewe si kitu kikubwa. Ni majedwali ya ligi za mabanda ya gemu. Mwenye banda wa Morogoro, Dodoma au Mbagala ananitumia matokeo kwa WhatsApp, naye siku hiyohiyo anaona jina la banda lake mtandaoni, nani anaongoza, nani kashuka daraja. Pembeni huwa naandika makala fupi za vifaa: namna ya kusafisha lenzi ya mashine inayogoma kusoma CD, namna ya kujua chaja feki, kwa nini pedi inatembea yenyewe bila kuguswa. Hiyo ya pedi ndiyo inayosomwa kuliko zote. Ndani ya kila kijiti cha pedi ya kawaida kuna vipimo viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini, na kila kimoja kinasugua juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukishalika, mashine inadhani kidole chako bado kinasukuma. Mchezaji wako anakimbilia kona peke yake wewe umekaa unamtazama.

Yote hayo nilijifunzia kwenye banda la mama yangu.

Mwaka 2010, pale Kihonda, Mama alikuwa anauza maandazi na kucheza mchezo na wanawake wenzake kumi na wawili. Zamu yake ilipofika, kila mtu alitegemea atanunua friji. Yeye akanunua PlayStation 2 mbili zilizotumika na televisheni mbili za chogo, akaziweka kwenye chumba cha mbele. Majirani walicheka sana: mama fulani kapokea mchezo, kanunua michezo. Lakini alikuwa amepiga hesabu. Mashine ile ilitoka Japani mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo kufikia wakati wetu zilizotumika zilikuwa za bei nafuu na vipuri vyake vilipatikana kila mahali. Sony ilipoacha kuzitengeneza, mwanzoni mwa 2013, sisi hatukujua hata kama kuna kitu kimesimama. Za kwetu zilikuwa zinaunguruma.

Mama hakuwahi kucheza hata mechi moja, ila lugha ya banda aliishika haraka. Siku moja alinituma dukani kwa sauti ya juu, mbele ya wateja: "Mwanangu, kimbia ukaninunulie pedi, hizi zimechoka!" Banda zima lilikaa kimya, kisha likalipuka. Kwa mwaka mzima sikuweza kupita mbele ya duka lile bila mtu kuniuliza kama pedi za Mama zimepatikana.

Mechi moja ilikuwa shilingi 200. Umeme wa LUKU ukikata katikati, hela hairudi ila mechi inarudiwa. Kazi yangu mimi, nikitoka shule, ilikuwa kuandika. Tulikuwa na kaunta buku la kwaya mbili: jina, saa ya kuanza, mechi ngapi, kalipa au anadaiwa. Wachezaji walijiandikisha kwa majina ya kwenye timu zao. Kwa hiyo ukilifungua daftari lile leo utadhani Messi na Rooney walikuwa wanaishi Kihonda na wote wanadaiwa.

Sheria ya Mama ilikuwa moja tu, imeandikwa kwa chaki mlangoni: aliyevaa sare haingii. Nenda nyumbani, salimia, kula, badilisha nguo, ndipo uje. Wanaume wawili watatu wa mtaani walikuwa wameshamwambia banda lake linaharibu watoto, na hilo lilikuwa jibu lake kwao. Jioni alikuwa anakaa mlangoni na maandazi yake akikagua. Lakini mchana, kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi na moja, alikuwa sokoni, na banda lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kijana nitakayemwita Drogba, kwa kuwa ndivyo alivyojiandikisha, alikuwa darasa la saba. Alianza kuja saa tisa mchana mwezi wa tatu mwaka 2012, na shati jeupe na kaptula ya bluu. Siku ya kwanza nilimwambia arudi nyumbani kubadilisha. Akanionyesha noti ya 2,000. Nikamwambia akae kwenye mashine ya ndani, ile isiyoonekana kutoka barabarani.

Alikuja karibu wiki nne. Alikuwa mchezaji mzuri, mtulivu, wa kupiga pasi. Wachezaji wengine walikaa nyuma yake kumtazama. Mimi niliandika. Mechi nne, mechi tano, mechi tatu. Kila siku Mama akirudi nilimkabidhi hela zaidi ya siku iliyotangulia, naye akanisifu kwamba nimeanza kuwa mfanyabiashara.

Baba yake alikuja jioni ya Ijumaa moja, amemshika mkono. Hakupiga kelele. Alimwamkia Mama vizuri, kisha akasema alikuwa amempa mtoto hela ya tuisheni ya mwezi mzima na ya mchango wa shule, shilingi 20,000, na leo mwalimu amemwambia mtoto hajawahi kuonekana tuisheni. Mama akasema haiwezekani, hapa mwenye sare haingii. Akaniambia nilete daftari.

Tukakaa kwenye benchi la wateja tukahesabu. Mechi 87. Shilingi 17,400. Mama alikuwa anasoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea kwenye karatasi, halafu kidole kikasimama.

"Hizi nukta ni za nini?"

Kando ya baadhi ya majina nilikuwa naweka nukta ndogo ya kalamu nyekundu. Ilikuwa alama yangu. Kila aliyeingia na sare nilimwekea nukta, ili Mama akitokea ghafla nijue wa kumtoa kwa mlango wa uani. Kando ya jina la Drogba kulikuwa na nukta kila siku.

Nilisema, "Mimi nilikuwa naandika tu, Mama."

Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na 10,000, akampa yule baba kwa mikono miwili, akasema zilizobaki atamalizia mwisho wa mwezi. Yule baba alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Walipoondoka, Mama alifuta chaki mlangoni kwa kanga yake, akaiandika upya kwa herufi kubwa zaidi. Usiku ule alizungumza mara moja tu: "Mwenye daftari ndiye mwenye banda." Drogba hakurudi tena.

Banda lilifungwa mwaka 2015, simu zilipoanza kuwachukua wateja. Mama aliuza mashine, mimi nikabaki na madaftari. Likizo ile nililipa shilingi 1,000 kwa saa kwenye mgahawa wa intaneti, nikaanza kuchapa ligi zetu za zamani kwenye blogu ya bure, kwa mzaha tu. Watu wakaanza kuandika chini: huyu Rooney ni mimi, na ile fainali ilikuwa tatu kwa mbili, rekebisha. Nikarekebisha. Mabanda mengine yakaomba kuwekwa. Mwaka 2019 nilinunua jina la tovuti, na tangu hapo nimekuwa nikilipia kila mwaka kwa hela ya kuchapia wenzangu tasnifu na kubadilisha vijiti vya pedi chumbani kwangu Sinza.

Kuendesha tovuti ndogo ni kazi ya usafi. Asubuhi nafuta maoni ya maroboti, mchana nabishana na mwenye banda anayedai alishinda mechi ambayo haikuchezwa, usiku nacheza kidogo. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima na mimi mwenyewe sikuweza kuifungua tovuti yangu, maana seva yake iko ng'ambo. Mwenye banda mmoja wa Mbagala alinipigia simu kunipa pole huku nyuma yake nasikia vijana wakishangilia goli. PlayStation 2 haihitaji waya wa baharini.

Basi turudi kwenye ile barua pepe. Niliandika jibu la kukubali usiku uleule. Sikulituma, lakini nililiandika, na lilikuwa jibu zuri. Nilikuwa na hoja zangu. Kubashiri ni biashara halali. Tangazo lingekuwa na alama ya 18+. Wenzangu darasani wanaweka mikeka kila Jumamosi na Jumatatu wanacheka jinsi ilivyochanika. Mimi ningekuwa nimeweka picha tu, na mtu mzima angebonyeza kwa kidole chake.

Asubuhi nilimpigia Mama. Nilitaka anisifu, nadhani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Umekula?"

Nikamweleza. Akauliza kiasi, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, nilisikia mafuta ya maandazi yakichemka. Anaijua ada yangu hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu nusu yake hutoka kwenye karai lile.

"Sasa huko kwenye mtandao," akasema, "aliyevaa sare utamjuaje?"

Nikamwambia kuna alama ya 18+.

"Kama chaki yangu," akasema. Kisha akaniuliza kama mvua inanyesha Dar.

Baada ya simu nilifungua takwimu za tovuti. Siku zote nilikuwa nazitazama kwa idadi tu, wangapi mwezi huu, wangapi mwezi uliopita. Safari hii nilitazama saa. Jumamosi na Jumapili watu wanaingia wametawanyika siku nzima. Siku za shule mstari unalala chini asubuhi yote, unaanza kupanda saa nane mchana, unafika kileleni saa kumi, kisha unashuka. Nilikaa nikiutazama mstari ule. Nilikuwa nazifahamu saa hizo vizuri sana.

Nilifuta jibu la kwanza nikaandika la pili, fupi. Hawakujibu, na sina ugomvi nao. Ada sikuimaliza kwa wakati, nikachelewa kusajiliwa muhula ule, na wenzangu niliokuwa nao darasani wamenitangulia. Kuna siku, hasa nikiwa nachapa tasnifu ya mtu mwingine saa tisa usiku, ninajiona mjinga. Sitadai kwamba hela ile siikumbuki.

Lakini jana mtoto mmoja ameandika chini ya makala ya pedi. Anasema amefuata maelekezo, amefungua, amesafisha kwa spiriti, na bado kijiti kinakwenda kushoto. Ilikuwa saa tisa na robo, Jumanne. Nilimjibu kwamba utepe umelika, anunue kijiti kipya, asikubali kuuziwa pedi nzima.

Halafu nikamuuliza kama ameshakula.